Mikono Ambayo Sikuichora

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Nasema mapema ili usipoteze muda kumtafuta kati ya watu wengine watakaoingia humu. Tena nilikuwa mjinga aliyepiga pasi shati, akachana nywele, akajipulizia marashi ya dada yake bila ruhusa.

Kwa aliyekosa ya nyuma: mimi ni mchora mabango. Nilikuwa, tuseme. Nilichora vichwa kwenye vibanda vya vinyozi, matairi kwenye gereji, na jogoo mmoja kwenye bucha aliyefanana sana na mwenye bucha. Jogoo huyo alinifukuzisha mtaa mzima. Kisha ngazi ikateleza, nami nikateleza nayo, na goti langu la kulia likasema habari za kupanda sasa basi.

Dada yangu mkubwa, fundi cherehani, miezi minane iliyopita akanipa nafasi mezani kwake na kona ya duka lake, nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Akanipa na kishikwambi alichoachiwa na mteja aliyehama.

"Chora umekaa," akaniambia. "Ukianguka kutoka kwenye kiti, hicho kitakuwa kipaji."

Nikajifunza. Nilipogundua kile kitufe cha kurudisha nyuma ulichokosea, nilikaa dakika nzima nikiifikiria ile ngazi. Nikafungua ukurasa wa kazi zangu mtandaoni, nikapakia michoro sabini na miwili, jogoo akiwemo. Hakuna aliyegeuka. Mchoraji mmoja anayefundisha kwa video akasema mchoro dhaifu huivuta chini kumi iliyo mizima, basi nikafyeka mpaka ikabaki kumi na miwili.

Hapo ndipo aibu yangu ilipoonekana. Sijui kuchora mikono.

Kinyozi anataka kichwa, gereji inataka tairi. Miaka kumi na tano hakuna aliyewahi kuniagiza kidole. Basi watu wangu wote walisimama mikono mifukoni, au nyuma ya mgongo, na bibi harusi mmoja nilimpa shada la maua kubwa kama kichaka ili azame humo mpaka viwiko. Mtu akaandika kwenye maoni: "Kaka, hawa wote wamekamatwa?"

Dada alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Kisha akanipokonya kalamu, akaishika kwa mkono wa kushoto maana ana mashoto, na palipokuwa na mfuko akachora mkono. Si mkono wa kitabuni. Ulikuwa mkono wa mtu anayesita kabla ya kutoa kitu.

Katika ile kumi na miwili, tisa ina mikono ya dada. Na kila alipomaliza aliweka alama pembeni, mishono mitatu midogo kama ya uzi. "Ili ijulikane nilipita hapa," alisema.

Nami, kabla ya kupakia, nilikuwa naifuta. Nilijiambia inachafua pembe ya mchoro.

Basi wiki hii, Jumatatu, ikaja barua pepe kutoka kwa wachapishaji wa vitabu vya shule. Nikaisoma nimesimama kwa goti bovu. "Tumevutiwa na namna unavyochora mikono." Walitaka mchoraji wa kitabu cha kuwafundisha watoto lugha ya alama. Michoro mia mbili na arobaini.

Yote mikono.

Wakaomba kitu kimoja: niwatumie rekodi za kuchora. Programu yangu huhifadhi kila mstari tangu wa kwanza mpaka wa mwisho, na wao, kwa kuwa siku hizi watu huleta picha zilizotengenezwa na mashine, wanataka kuona mtu akichora kweli. Niliwatumia rekodi tatu saa ileile, nao wakaniita ofisini Jumatano.

Niliziangalia kwanza? Sikuziangalia. Ndiyo maana hadithi hii inaanza vile ilivyoanza.

Jumatano asubuhi dada alinikuta mlangoni nimependeza.

"Unanukia mimi," akasema.

"Ni bahati, Dada. Nabeba baraka zako."

"Hao watu wanataka nini hasa?"

"Kitabu cha watoto."

"Cha nini?"

"Cha watoto, Dada. Watoto na... mambo yao."

Akaweka mkasi chini. "Utawaambia mikono ni ya nani?"

"Nitawaambia."

"Brashi, niangalie."

Brashi ndilo jina alilonipa tangu niko mdogo. Nikamwangalia. Nikawahi kushusha macho.

"Nitawaambia! Kwani mimi ni mtu wa namna gani?"

Alikanyaga pedali, cherehani ikaanza kuunguruma.

Ofisi iko ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa na karatasi ya kuomba radhi. Nilifika juu ninahema kama niliyebeba jengo. Chumbani kulikuwa na watu wawili. Mmoja mhariri, mama mkavu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Mwingine mwalimu wa shule ya viziwi, naye ni kiziwi, mzee mfupi wa sweta la kijivu, mikono imetulia juu ya meza kama vyombo vilivyooshwa.

"Mwalimu ndiye mwenye uamuzi," mhariri akasema, huku mikono yake ikimtafsiria. "Kidole kimoja ukikikunja vibaya, mtoto amejifunza neno lingine. Hatuwezi kukosea."

Nami, kwa hofu, nikatania. Nikiogopa mimi hutania, ni ugonjwa.

"Afadhali," nikamnong'oneza mhariri. "Bosi asiyesikia hawezi kunigombeza."

Nikasahau kwamba kila nilichosema kilikuwa kinatafsiriwa. Mikono ya mhariri ikatembea. Mwalimu akanitazama, kisha mikono yake ikajibu, kwa ishara fupi fupi.

"Anasema atakugombeza kwa maandishi."

Sura ya mwalimu haikutikisika hata kidogo. Nikajua nimekutana na mwenzangu, na kwamba leo sitamweza.

Mhariri akazima taa, akawasha mashine ya kuonyeshea, na ukuta mzima ukawa mchoro wangu: babu akimfunga mjukuu vifungo vya shati. Ule ndio uliopendwa kuliko yote. Sasa ulikuwa mtupu, unaanza kujichora wenyewe.

Kichwa cha babu kikaja. Kizuri. Mabega, koti, mikunjo ya koti. Nikaanza kupumua. Kisha koti likafika kwenye kifundo cha mkono, na mkono haukuwepo. Babu wa watu alisimama mbele ya mjukuu wake na mikono miwili ya koti inayoishia hewani.

Rekodi hairekodi muda ambao hakuna anayechora. Kwa hiyo pale ukutani sikuonekana nikiita, "Dada, njoo basi mara moja." Ghafla tu vidole vikaanza kutokea. Vilianzia kwenye kucha, vikarudi nyuma kuelekea kiganja, vyepesi, bila kusita. Halafu vivuli. Halafu, pembeni chini, mishono mitatu.

Halafu kifutio. Kikubwa, kinene, kama tambara la kudekia. Kikapita mara moja, mishono ikatoweka.

Mwalimu akainua kidole. Mhariri akarudisha nyuma. Tukaangalia tena. Akainua tena. Mara tatu nilikaa gizani nikijitazama namfuta dada yangu ukutani.

Taa ikawaka.

"Mwalimu anauliza," mhariri akasema, "huyu mwenye mashoto ni nani?"

"Mashoto? Yupi?"

Mwalimu akasimama, akaenda ukutani. Akaonyesha koti: vistari vyangu vya kivuli vyote vililalia kulia. Akaonyesha vidole: vistari vililalia kushoto, vyote, kama majani yaliyopigwa na upepo wa upande mwingine. Mchoraji yeyote mwenye macho angeona. Mimi, mwenye ukurasa, sikuwahi kuona.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Nachora kwa mikono yote miwili. Mwili kwa kulia, vidole kwa kushoto. Ni... mbinu."

"Mbinu," mhariri akarudia, polepole, kama anayeonja chakula kilicholala.

"Kwetu tumezaliwa nayo."

Akanisukumia karatasi na penseli. "Mchoree mwalimu mkono wake. Kwa kushoto."

Mwalimu akaweka mkono mezani, vidole vimeachana. Mkono mzuri, mpole, unaosubiri. Nikashika penseli kwa kushoto kama mtoto anavyoshika kijiko. Jasho likaanza kwenye masikio. Nilichora kidole gumba, kikatoka kikubwa, nikaongeza vingine vilingane nacho, vikagongana, nikavitenganisha kwa nguvu kama watu wanaopigana. Dakika tano. Nikamaliza, nikaona nimechora tangawizi.

Mwalimu akaichukua karatasi. Akaitazama. Akaigeuza juu chini, akaitazama tena. Akatoa ishara moja fupi.

"Anauliza kama hii inapikwa na chai."

"Ni goti," nikasema.

"Goti?"

"Linaniuma leo."

Hapo hata mimi niliusikia upuuzi wangu. Mhariri akavaa miwani, akageuza kompyuta yake, akasoma kwa sauti maneno niliyoyaandika mwenyewe kwenye ukurasa wangu, pale pa kujieleza: "'Kila mstari unaouona umetoka kwenye mkono huu mmoja.'" Akavua miwani. "Mmoja. Si miwili."

"Nina msaidizi," nikasema.

Nilikuwa na nafasi nyingine, msomaji. Neno "dada" ni jepesi, mtoto wa mwaka mmoja analiweza. Mimi nikasema msaidizi.

"Anaitwa nani?"

"Ana haya sana. Hapendi mambo ya kujulikana."

"Huyu?" Mhariri akaonyesha pale pembeni ya mchoro, palipofutwa. "Huyu aliyeweka alama yake ndiye hapendi kujulikana?"

Mwalimu akaanza kuongea, safari hii kwa muda mrefu, na mhariri akamfuata sentensi kwa sentensi.

"Anasema amefundisha miaka thelathini na moja. Vitabu vyote alivyopewa vilichorwa na watu wanaodhani mkono ni kitu cha kushikia. Anasema aliyechora vidole hivi anajua mkono unasema kitu hata ukiwa haushiki chochote. Anamtaka huyo. Kesho saa nne."

"Nitakuja naye," nikasema haraka.

"Aje yeye. Wewe ukija au usije, si muhimu. Saa tano kuna mchoraji mwingine anasubiri, na yeye tukimkubali, jambo limekwisha." Akafunga kompyuta. "Na ukija, usije na mbinu."

Njiani nilipanga. Wewe ungefanyaje? Nitamwambia dada wanatutaka sote wawili. Atakuja, atakaa pembeni, atachora anachoambiwa, na kuongea nitaongea mimi, maana yeye hajazoea maofisi. Jina kwenye jalada tutalizungumza mbele ya safari. Nilipofika kwenye kona ya duka nilikuwa nimeshajisamehe.

Cherehani ilikuwa kimya.

Hiyo ni dalili mbaya kuliko kelele. Dada alikuwa amekaa, mguu juu ya pedali isiyotembea, ameshika simu ambayo si yake. Mwenye simu, mama mmoja aliyefuata sare za wanawe, alisimama karibu na kioo, anatamani kuwa kwingine.

"Nilikuwa namsifia tu, jamani," mama wa sare akasema aliponiona. "Nikamwambia fundi, kumbe mdogo wako ni maarufu hivi, nikamfungulia ukurasa..."

"'Kila mstari unaouona,'" dada akasoma, "'umetoka kwenye mkono huu mmoja.'" Akainua macho. "Mkono upi, Brashi? Nionyeshe."

"Sare nitafuata kesho," mama wa sare akasema.

"Kesho sitakuwepo mpaka mchana," dada akasema kwa sauti ileile, akamrudishia simu. "Njoo saa nane."

Nikashtuka. Kesho atakuwa wapi? Mama akatoka, pazia la mlango likatulia.

"Umewaambia?" dada akauliza.

"Nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba... kuna msaidizi."

"Msaidizi."

"Ni neno la kiofisi tu, Dada. Wenzetu huko ndivyo wanavyoongea."

"Na msaidizi huyu ana jina?"

Nikaona panya ndani yangu wameishiwa mashimo. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikamweleza yote: kitabu, lugha ya alama, mia mbili na arobaini, ukuta, kifutio mara tatu, tangawizi. Nilipofika kwenye tangawizi nilidhani atacheka. Hakucheka. Nilipofika kwa mwalimu na vistari vilivyolalia kushoto, alinyanyua mkono, akanisimamisha.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Kila neno la mwalimu. Mkono unasema kitu hata ukiwa haushiki chochote.

Dada akavuta droo, akatoa daftari la vipimo, lile la jalada la bluu ninaloliona kila siku. Akalifungua magotini. Kifua, kiuno, urefu wa suruali, na pembeni ya kila mteja, kwa chaki na kalamu ya wino, mkono. Kurasa na kurasa. Mikono ya kushika mkanda, ya kufunika tumbo, ya mama anayemnyoosha mtoto kola. Tarehe za juu zilikuwa za miaka ambayo mimi nilikuwa bado napanda ngazi.

"Dada, hivi vitu mbona hukuwahi..."

"Hukuwahi kuuliza ninaandika nini."

"Nilijua ni vipimo!"

"Vipimo pia vimo." Akalifunga. "Kesho saa nne, ulisema. Nilikuwa nimepanga kwenda kununua vitambaa. Vitangoja. Nipe kishikwambi."

"Kishikwambi ni chako. Kichukue. Tutaondoka saa tatu, mimi nitaongea, wewe..."

"Naenda peke yangu. Na uniandikie neno la siri la ukurasa."

"La nini?"

"Nikaandike jina langu kwenye michoro yangu tisa. Na ile sentensi yako niitoe."

Hapo damu ikanipanda. Ukurasa ule niliulea mimi. Mimi ndiye niliyechagua ile kumi na miwili, niliyejibu maoni mpaka vidole vikafa ganzi, niliyekosea ukubwa wa picha mara mia mpaka nikapata. Akiingia pale akaandika jina la mtu mwingine, watu watasema nini? Mwizi. Kila mtu aliyewahi kunisifu atarudi kunihesabia vidole.

"Dada, utaniua. Wafuasi elfu nne wale wananijua mimi."

"Basi watajua na mengine."

"Tuseme ni kazi ya pamoja! Tunaandika majina mawili, tunaanza upya, yaliyopita tunayaacha. Wewe mwenyewe ulikubali nipakie!"

"Nilikubali upakie. Sikukubali unifute."

"Ni alama tu! Mishono mitatu!"

"Kama ni alama tu, ungeiacha."

Nilipaswa kunyamaza. Mtu mzima yeyote angenyamaza. Lakini nilikuwa naiona saa nne ya kesho, ninamwona akipanda zile ghorofa tatu bila mimi, na mimi nikirudi kuwa mtu wa goti nyuma ya pazia. Nikasimama.

"Haya, nenda! Utaingia pale useme nini? Hujawahi kukaa mbele ya mhariri hata siku moja. Wale wanataka mtu mwenye ukurasa, mwenye jina lake. Wewe nani anakujua, Dada? Niambie. Nani anajua kama upo?"

Alichukua kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, akakiweka mbele yangu pamoja na kalamu, kwa ajili ya lile neno la siri. Kisha akaniangalia, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Yule mwalimu hajaniona hata mara moja, na amejua nipo," akasema. "Wewe tumekula meza moja miezi minane."